Kuongoza timu ya wahandisi wa programu zama za akili mnemba: mwongozo kamili

Kuandika msimbo kumekuwa rahisi. Kuuelewa bado ni kazi ileile. Kiongozi wa timu akilishika hilo, mengi yaliyobaki yanajipanga. Asipolishika atanunua leseni za zana za akili mnemba, timu itachangamka wiki tatu, kisha foleni ya ukaguzi itajaa na simu za usiku zitaongezeka, na hakuna atakayejua tatizo lilianzia wapi.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza watu wanne hadi kumi na watano hivi, wenye bidhaa inayotumika na wateja halisi. Mfano nitakaoutumia ni duka la mtandaoni la Nairobi linalopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia wahandisi kuunganisha mifumo yao. Timu nyingi za ukanda huu zimewahi kushika kazi ya aina hiyo, na ni kazi ambayo kosa dogo humgusa mtu mfukoni.

Hatua ya 1: Pima kabla hujawasha chochote

Watu wako watakuambia wanafanya kazi haraka zaidi, na hawatakuwa wanakudanganya; ndivyo wanavyojisikia. Ila Julai 2025 shirika la utafiti la METR la Marekani lilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wahandisi wazoefu 16 na kazi 246, kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Kabla ya kuanza walikadiria kuwa zana za akili mnemba zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini zimewapunguzia asilimia 20. Saa ilionyesha walichelewa kwa asilimia 19.

Zana zimebadilika tangu hapo, kwa hiyo usiibebe hiyo 19 kama amri. Cha kubeba ni kwamba hisia ya kasi na kasi yenyewe ni vitu viwili, hata kwa mtu mzoefu.

Rudi nyuma wiki nane utoe namba nne: muda kutoka kazi kuanza hadi kumfikia mteja, muda ambao ombi la kuunganisha msimbo hukaa likisubiri mkaguzi, kati ya kila mabadiliko 20 yaliyoingia hewani, mangapi yalirudishwa au kurekebishwa kwa dharura, na huduma ikianguka, inachukua muda gani kusimama tena. Vyote vinapatikana kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, na kwenye tiketi zenu, yaani maelezo ya kila kazi. Usihesabu mistari ya msimbo wala idadi ya maombi yaliyofunguliwa. Kwa mashine, mistari elfu moja ni suala la dakika, na ukimlipa mtu kwa mistari atakuletea mistari.

Hatua ya 2: Karatasi moja ya ruhusa

Isizidi ukurasa mmoja, maana hakuna atakayesoma wa pili. Iseme zana zipi zinaruhusiwa, kwa akaunti ya kampuni na si ya mtu binafsi, na nini hakitoki nje: majina na namba za simu za wateja, miamala, funguo za siri, nakala za kanzidata. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya kugundua kuwa msimbo wake wa ndani ulikuwa umebandikwa kwenye ChatGPT. Hakukuwa na mdukuzi. Walikuwa ni wahandisi wakitafuta msaada wa kazi.

Sheria nazo zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kubandika kumbukumbu za seva zenye namba za wateja kwenye huduma iliyoko Marekani ni kuzipeleka nje. Karatasi ikikamilika, mpe mwanasheria wa kampuni aisome, kisha endelea.

Hatua ya 3: Panga kazi kwa madhara yake

Swali la kuuliza ni hili: kazi ikiharibika, nani anaumia, na tutajua baada ya muda gani?

Ukurasa wa ndani wa ripoti ukikosea, mhasibu atalalamika asubuhi na mtarekebisha. Hapo mashine iachiwe nafasi pana. Ukurasa wa bidhaa unaoonekana na wateja uwe katikati: mashine iandike, mtu akague kwa utaratibu wa kawaida. Malipo, marejesho ya fedha, kuingia kwenye akaunti na mabadiliko ya muundo wa kanzidata yawe kundi la tatu: mashine inaweza kusaidia, lakini wakaguzi wawe wawili, na mmoja wao awe mtu aliyewahi kushughulikia hitilafu ya eneo hilo. Andika makundi hayo ndani ya mradi wenyewe, folda kwa folda, ili isiwe mjadala kila Jumatatu.

Hatua ya 4: Andika tiketi upya

Zamani tiketi ya mstari mmoja ilitosha: "Pokea majibu ya malipo." Mhandisi angekufuata mezani kuuliza yaliyofichika, na maswali yake ndiyo yaliyokamilisha tiketi. Mashine huuliza kidogo na kuridhika haraka. Pengo inalijaza kwa kile ilichokiona zaidi kwenye msimbo iliyojifunzia. Kwa hiyo yale maswali ya mezani lazima yaandikwe. Kwa duka letu, tiketi isomeke hivi (STK ni ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja, CheckoutRequestID ni namba ya ombi hilo, na ResultCode ni namba ya matokeo yake, 0 ikimaanisha limefanikiwa):

"Majibu ya STK yakifika, tafuta oda kwa CheckoutRequestID. ResultCode ikiwa 0, linganisha kiasi kilicholipwa na kiasi cha oda. Vikitofautiana, oda iende kwenye uchunguzi na mzigo usitoke. ResultCode 1032 maana yake mteja ameghairi: oda ibaki wazi dakika 30. Jibu lilelile likija mara ya pili, lisibadilishe kitu. Lisipofika ndani ya dakika 2, mfumo wetu uulize wenyewe hali ya muamala. Namba za simu zinazoanza na 01 ni halali sawa na za 07. Usiguse jedwali la marejesho."

Hiyo sentensi ya namba za 01 inaonekana ndogo. Namba hizo zimekuwepo Kenya kwa miaka sasa, lakini msimbo mwingi ulioko mtandaoni uliandikwa wakati kila mtu alikuwa na 07. Mashine iliyojifunza kutoka huko inaweza kumkatalia mteja halali bila wewe kujua, kwa sababu mteja aliyekataliwa hapigi simu. Anakwenda duka jingine. Na ile ya mwisho, ya kukataza, usiiache kamwe. Zana hizi zina tabia ya kusafisha vitu ambavyo hakuna aliyeomba visafishwe.

Ifanye iwe desturi: kabla zana haijafunguliwa, mwenye kazi aandike mifano mitatu ya jinsi jambo hilo linavyoweza kuharibika. Mwanzoni watanung'unika kwamba unawarudisha kwenye makaratasi. Vumilia.

Hatua ya 5: Ukaguzi, ambako kazi imehamia

Tuangalie ombi moja kwa karibu. Kijana ameleta msimbo wa kupokea majibu ya malipo, ameuandika kwa msaada wa mashine. Majina ya vigeu yanaeleweka, maelezo yamepangwa vizuri, majaribio yote ni ya kijani. Ndani yake kuna mantiki hii: tafuta oda, kama imeshalipwa, acha, kama haijalipwa, andika malipo na uongeze salio la mteja.

"Kaka, si imepita majaribio yote?"

"Imepita, mdogo wangu. Sasa majibu mawili yakiingia kwa pamoja, nani anazuia la pili?"

"Kuna mstari unaangalia kama oda imeshalipwa."

"Unaangalia saa ngapi, na unaandika saa ngapi?"

Kati ya kuangalia na kuandika kuna upenyo. Majibu mawili yanaweza kuikuta oda "haijalipwa" kwa pamoja, yote mawili yakaandika, na salio likaongezeka mara mbili. Majaribio hayakuuona upenyo huo kwa sababu yanatuma jibu moja moja, na yaliandikwa na mashine ileile, kwa uelewa uleule uliozaa kosa. Dawa yake ni fupi: namba ya risiti ya M-Pesa iwekewe sharti la kutojirudia kwenye kanzidata yenyewe, na kuandika malipo pamoja na kuongeza salio kuwe muamala mmoja, vyote vipite au vyote vikwame. Kuna na jambo jingine ambalo mkaguzi asilipite: yeyote anayeijua anwani inayopokea majibu hayo anaweza kutuma jibu la uongo, kwa hiyo muamala uhakikishwe kwa kuuliza Daraja kabla mzigo haujatoka.

Mtu anayeandika msimbo huo kwa mkono ana nafasi kubwa ya kukutana na swali la majibu mawili akiwa njiani, angalau likamsumbua. Aliyeupokea ukiwa tayari hana njia aliyopita. Msimbo wa mashine ni kama nyumba uliyoikuta imeshapigwa plasta na rangi: nyaya hazionekani, na uzuri wa ukuta hausemi lolote kuhusu nyaya. Mkaguzi aliyezoea kugundua uzembe kwa kuona msimbo mchafu amepoteza dalili aliyoitegemea miaka yote.

Sasa taratibu.

Ombi moja lisizidi mistari 300 iliyobadilika, ukiacha mafaili yanayozalishwa yenyewe. Mashine itakupa 2,000 bila kutoka jasho, na hapo ndipo wakaguzi huanza kubofya "nimekubali" kwa uchovu. Ripoti ya DORA ya 2024, ya watafiti wa Google wanaofuatilia utendaji wa timu za programu, ilikadiria kuwa matumizi ya akili mnemba yakiongezeka kwa asilimia 25, uthabiti wa mabadiliko yanayopelekwa hewani hushuka kwa asilimia 7.2. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba mabadiliko yanayoingizwa kwa mkupuo yamekuwa makubwa mno.

Anayefungua ombi aandike kwa maneno yake mwenyewe nini kimebadilika na nini kinaweza kuvunjika. Muhtasari wa mashine haukubaliki, na utautambua: unaeleza kila kitu isipokuwa wasiwasi. Akiulizwa kuhusu mstari wowote na akashindwa kuueleza, ombi linarudi bila mjadala na bila aibu. "Mashine ndiyo iliyoandika" si jibu. Jina lililoko kwenye ombi ndilo linalowajibika.

Mtu asiwe na maombi zaidi ya mawili yanayosubiri. Akitaka kufungua la tatu, aende kwanza akague la mwenzake. Kanuni hii peke yake hupunguza foleni kuliko nyingine zote hapa, na ndiyo itakayolalamikiwa zaidi.

Mashine inaweza kuwa mkaguzi wa kwanza. Ni hodari wa kuokota makosa ya haraka haraka, na hainuniwi. Lakini kura yake isihesabiwe.

La mwisho ni la kalenda. Saa za ukaguzi ziwekwe humo kama kazi nyingine, na zihesabiwe mnapopanga wiki. Usipofanya hivyo mzigo wote utawaangukia wazoefu wako wawili. Watabeba kimya kimya kwa miezi, kisha mmoja ataomba kukuona Ijumaa jioni akiwa na barua.

Hatua ya 6: Wakala na mipaka yake

Zana za sasa hazikamilishi mistari tu. Zinafungua mafaili, zinaendesha amri, zinaweka vifurushi, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine; zana ya namna hiyo huitwa wakala. Julai 2025 mwekezaji wa Marekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit, huduma ya kutengeneza programu, alivyofuta kanzidata ya uzalishaji, yaani ile yenye data halisi, ilhali alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu, kisha akamwambia kuwa data haiwezi kurudishwa. Iliwezekana kurudishwa. Mkuu wa Replit aliomba radhi na kutangaza kutenganisha kanzidata za majaribio na za uzalishaji.

Funzo kwa kiongozi ni la kiufundi: agizo la maneno si kizuizi. Kizuizi ni ufunguo ambao wakala hana. Afanye kazi kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya msimbo iliyo pembeni, ndani ya mazingira yaliyotengwa, na data ya kubuni. Nywila za uzalishaji zisiwepo kabisa kwenye mashine anayoendeshea amri. Kitufe cha kupeleka msimbo hewani kibonyezwe na mtu.

Vifurushi navyo viangaliwe. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walijaribu modeli 16 za akili mnemba kwa sampuli za msimbo 576,000, wakakuta kwamba karibu kimoja kati ya kila vifurushi vitano vilivyopendekezwa hakipo duniani, ingawa modeli za kulipia zilikosea mara chache zaidi. Mhalifu anaweza kusajili jina hilo la kubuniwa, akaweka sumu yake, akasubiri. Kifurushi kipya kikitajwa, mtu akitafute kwa mkono: kina umri gani, nani anakitunza, kinatumika wapi.

Jambo jingine ambalo timu nyingi hazijalizingatia: wakala anayesoma malalamiko ya wateja au kurasa za nje anaweza kukuta humo maandishi yaliyotegwa kama maagizo, akayatii. Kwa hiyo anayesoma vitu vya nje asiwe, kwa wakati huohuo, na siri zenu pamoja na uwezo wa kutuma kitu nje. Mnyang'anye kimojawapo.

Hatua ya 7: Wanaoanza kazi

Zile kazi ndogo ndogo tulizokuwa tukiwapa vijana ili wazoee (fomu, ripoti, majaribio, marekebisho ya maandishi) ndizo mashine inazozifanya vizuri kuliko zote. Hesabu ya haraka inasema basi tusiajiri vijana. Mimi naona ni hesabu mbovu: kazi iliyobaki ni ya kuhukumu msimbo, na hakuna aliyezaliwa na hukumu hiyo. Timu inayofunga mlango leo itatafuta wazoefu baada ya miaka mitano, na itawakuta kwa bei isiyoweza kuilipa.

Kuwakataza kabisa zana hizi sikubaliani nako. Watazitumia kwa siri kwenye simu, na sasa hutajua nini kimetoka wapi. Badala yake badili kile unachowapa.

Wape hitilafu kabla ya kuwapa vipengele vipya. Anayefuatilia kwa nini oda 12 za jana zimelipwa lakini hazijatoka atasoma kumbukumbu za seva, ataingia kwenye kanzidata, ataongea na mtu wa huduma kwa wateja, na wiki moja hiyo itamfundisha mfumo kuliko mwezi wa kuandika fomu. Akae pembeni ya mzoefu zamu ya dharura inapofika. Mara moja kwa wiki mpe ombi lililotengenezwa na mashine, lenye kosa moja ulilolitega mwenyewe, alitafute. Na akimaliza kazi yoyote ya kundi la tatu, atetee kwa mdomo dakika kumi mbele ya mwenzake mmoja, bila kompyuta.

Hapa kuna kizuizi chetu wenyewe. Kijana aliyeingia asubuhi akakuamkia "shikamoo" hatakuambia mchana kwamba msimbo wako una upenyo. Ataona, atanyamaza, au atauliza kwa kuzungukazunguka hadi hoja ipotee. Kwa hiyo mpangilio wa kikao ufanye kazi hiyo kwa niaba yake: wakati wa ukaguzi, aliye mdogo kazini aulize maswali yake kwanza na mkubwa azungumze mwisho. Msimbo wa kiongozi nao ukaguliwe na kijana, na akikuta kosa mshukuru palepale kwenye maandishi ya ombi, wote waone. Mkifanya hivyo kwa muda, utaanza kuulizwa maswali usiyoyapenda. Ndiyo unayoyatafuta.

Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo waingizwe humohumo. Kuwapa wiki zote za kubofya zana na kunakili majibu ni kuwapotezea muda wao na wenu.

Hatua ya 8: Usaili

Mafumbo ya algoriti yamepoteza maana, mashine inayajibu. Mpe msailiwa mistari kama 200 ya msimbo wenye makosa matatu ya uzito tofauti, ruhusu atumie zana yoyote, na umsikilize akifikiri kwa sauti. Angalia anaanzia wapi na anaacha lini kuamini jibu alilopewa.

Hatua ya 9: Fedha, na mazungumzo na mkurugenzi

Leseni hulipwa kwa dola, mishahara kwa shilingi. Zaidi ya hapo, zana nyingi za mawakala hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo mashine inasoma na kuandika, na mtu mmoja aliyeacha wakala akizunguka usiku kucha kwenye kosa lisilotatulika anaweza kula bajeti ya timu nzima. Weka kikomo kwa kila mtu, na tahadhari ifike kwako kikomo kikikaribia, si mwisho wa mwezi.

Kisha siku itafika mkurugenzi akuulize: "Nasikia mashine zinaandika msimbo. Sasa si tupunguze watu?" Usijibu kwa hofu, na usijibu kwa hotuba kuhusu utu. Toa zile namba nne za hatua ya 1, za kabla na za sasa. Mara nyingi zitaonyesha kwamba muda wa kuandika umepungua, muda wa kusubiri ukaguzi umeongezeka, na mteja anapata kitu kwa kasi ileile ya zamani au bora kidogo. Hapo swali linageuka lenyewe: tunahitaji watu zaidi wenye uwezo wa kukagua, au tunahitaji kufungua maombi machache? Akikuuliza kwa nini basi mnalipia leseni, mwonyeshe kazi za kundi la kwanza la hatua ya 3, ambako faida huonekana mapema.

Na kama namba zinaonyesha kweli mmepata kasi, ziba mdomo kidogo kuhusu tarehe mpya za kuahidi. Tumia robo mwaka ya kwanza ya nafasi hiyo kulipa madeni ya zamani: majaribio yanayokosekana kwenye malipo, folda ambayo ni mtu mmoja tu anayeielewa, nakala rudufu ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha.

Ile karatasi ya ruhusa ipitiwe kila baada ya miezi mitatu, maana zana zilizotajwa humo zitakuwa zimebadilika. Kila mara apewe mhandisi mwingine kuiandika upya, na zamu ya kwanza mpe aliyeajiriwa mwisho.